Prodakti meneja anafanya kazi gani hasa, na mtu wa kastoma kea anaweza kuingia huko?

BintiTemeke

Habari zenu wakuu, na wakubwa zangu shikamooni. Naomba wenye uelewa wanisaidie maana kazini kila ninayemuuliza ananijibu lake.

Niko kastoma kea kwenye kampuni moja ya malipo ya simu hapa Dar, nina digrii ya biashara, kompyuta sijasomea. Juzi limetoka tangazo la ndani wanatafuta prodakti meneja msaidizi na msimamizi wetu wa zamu kaniambia jaribu, wewe unafaa. Nimelisoma lile tangazo nikabaki na maswali kibao. Wameandika awe anaweza kusimamia bidhaa toka wazo mpaka sokoni, aweze kuchambua data, afanye kazi na watu wa ufundi, sheria, fedha na masoko, na aweze kupanga vipaumbele. Sasa hapo ndo nachanganyikiwa, mana kodi za programu wanaandika madevelopa, matangazo wanafanya masoko, hela wanahesabu watu wa fedha, malalamiko tunapokea sisi huku kwenye hedifoni, mikataba iko kwa mwanasheria, sasa huyu mtu anabaki na nini cha kwake?

Na je lazima nijue kukodi, yaani kuandika hizo programu? Na tofauti yake na projekti meneja ni ipi, maana hapa ofisini watu wanayachanganya haya majina mpaka basi. Nataka kujua kwa mtu anayeifanya au anayefanya kazi na hao watu kila siku, sio zile za kukopi gugo. Natanguliza shukrani.

Fundi_Kodi

Dada swali lako liko vizuri sana. Mimi ni developa, nimefanya kazi na hao watu wa kila aina, acha nikueleze kwa upande wetu tunaowategemea.

Anabaki na maamuzi. Kitu gani kitengenezwe, kwa ajili ya nani, kipi kianze, kipi kisitengenezwe kabisa, na kikishatoka kama kimesaidia au hakijasaidia. Hayo hayana mwenyewe usipomuweka mtu, na asipokuwepo yanaamuliwa na yeyote mwenye sauti kubwa kwenye kikao.

Chukua mfano wa malipo ya mkupuo, kampuni inataka ilipe wafanyakazi wake wote kwa simu kwa mara moja. Prodakti meneja asiyejua kazi anakuja na meseji moja, "wateja wakubwa wanataka malipo ya mkupuo, yanahitajika Ijumaa", kaondoka. Anayejua kazi anakuwa ameshaenda kukaa na mhasibu wa kiwanda mwisho wa mwezi akamuangalia anavyofanya leo. Kaona kwamba yule mhasibu ana faili la Excel lenye watu 300, anaingiza mmoja mmoja, na zile sifuri za mwanzo wa namba za simu Excel imezila zote. Anarudi kwetu na maswali ambayo ndo kazi yenyewe: namba moja katikati ya orodha ikiwa na kosa, tunasimamisha wote 300 au wengine wanalipwa? Salio likiishia kwa mtu wa 180, wale 120 wanaambiwaje? Mhasibu ndo anaandaa, nani anaidhinisha, na aliyeandaa anaweza kuidhinisha mwenyewe? Ukinipa hayo majibu mimi nakutengenezea kitu kinachofanya kazi. Usiponipa nitayajibu mwenyewe usiku nikiwa nakodi, na mimi huyo mhasibu sijawahi hata kumuona.

Kukodi sio lazima. Ila lazima uelewe mfumo unavyoenda, API (njia ya mifumo miwili kuongea) ni nini, kwanini badiliko linaloonekana dogo kwenye skrini linaweza kula wiki 3. Na kwenye malipo kuna jambo moja nataka ulibebe toka leo: muamala ambao haujajibiwa sio muamala uliofeli. Umetuma ombi benki, jibu halijarudi, hela inaweza kuwa imeshaingia upande wa pili. Ukimwandikia mteja "imeshindikana, jaribu tena" anajaribu tena na analipa mara mbili. Sasa kwenye skrini umwandikie nini mtu wa namna hiyo, umwambie asubiri muda gani, hilo sio swali la developa peke yake, ni lako.

Projekti meneja kazi yake ina mwanzo na mwisho, anaangalia tarehe, watu na bajeti mpaka kitu kikabidhiwe. Prodakti meneja siku kitu kinatoka ndo kwanza anaanza kukifuatilia.

MzeeWaMenyu

Marahaba binti. Fundi kaeleza vizuri, mi nitaongezea kwa upande wa anayeifanya, niko kwenye hii ya malipo ya simu miaka mingi.

Kwanza ujue hii kazi haikuzaliwa kwenye kompyuta. Mwaka 1931 pale Procter & Gamble, Marekani, kulikuwa na kijana anaitwa Neil McElroy anashughulikia matangazo ya sabuni ya Camay, na Camay ilikuwa inafunikwa na Ivory ambayo nayo ni sabuni ya kampuni hiyohiyo. Akaandika barua ya ndani ya kurasa 3 akisema kila chapa iwe na mtu wake, mtu huyo afuatilie mauzo eneo kwa eneo, pale inapouzika ajue ni kwanini na pale isipouzika aende mwenyewe akaongee na wauza maduka ajue tatizo ni nini, apange dawa yake na afuatilie kama dawa imefanya kazi. Huyu bwana baadae aliongoza kampuni yenyewe na akaja kuwa waziri wa ulinzi wa Marekani kipindi cha Eisenhower. Ukiisoma ile barua leo ukaondoa sabuni ukaweka programu ya simu, ni kazi yetu ileile.

Sasa njoo kwetu. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni M-Pesa, sio ile unayoijua, ni ile ya majaribio kabla haijatoka. Vodafone kwa kusaidiana na fedha za DFID, yaani serikali ya Uingereza, walikuwa na wazo la mkopo. Mtu anakopa kwenye taasisi ya mikopo midogo, anapokea mkopo kwa simu na analipa marejesho kwa simu, basi. Wakaingia na taasisi moja ya hivyo, Faulu Kenya, wakaanza majaribio Oktoba 2005 Nairobi na Thika, wateja hawakufika hata 500. Nick Hughes alikuwa na wazo huko Vodafone, Susie Lonie ndo akaja Nairobi kuliendesha. Kilichotokea ni kwamba watu walilipa mikopo ndio, ila wakaanza kufanya na mambo ambayo hakuna aliyeyapanga. Mwingine anaweka hela Nairobi anasafiri mikono mitupu anaenda kuitoa Thika, kwa kuogopa kuibiwa njiani. Wafanyabiashara wanalipana wenyewe kwa wenyewe. Wengine jioni benki zimeshafungwa wanaingiza mauzo ya siku kwenye simu yasilale dukani. Mwingine ananunua muda wa maongezi anamrushia ndugu kijijini. Na upande wa pili Faulu wenyewe wanahangaika, mahesabu ya mfumo mpya hayaingiliani na mfumo wao, na vikundi vyao vinategemea watu wakutane kila wiki, sasa mtu akishalipa kwa simu kikaoni anakuja kufanya nini?

Hapo ndo nataka binti uangalie vizuri. Mtu mwingine angesema hawa wateja wanatumia vibaya, tuwafundishe upya namna ya kulipa mkopo. Wao waliangalia wanachokifanya watu wakaacha mkopo pembeni, na Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, ilipoizindua Machi 2007 walichouza ni kitu kimoja tu, kutuma pesa nyumbani. Mambo ya akiba na mikopo ya M-Shwari yalikuja Novemba 2012, zaidi ya miaka 5 baadae. Kuacha vitu vizuri visubiri miaka 5 wakati kila mtu ofisini anavitaka, hiyo ni kazi ngumu kuliko kukodi. Na Tanzania ilipokuja 2008 kwa Vodacom haikupaa kwa kasi ileile, nchi kubwa, watu wametawanyika, na Vodacom haikuwa imeshika soko kama Safaricom ilivyolishika kule, kwa hiyo hata ukiwa na bidhaa ileile yenye jina lilelile ukihamisha mahali unaanza kujifunza upya.

Umeuliza huyu mtu anabaki na nini cha kwake. Nikupe siku za Julai 2021 kwenye kampuni niliyokuwepo. Tozo ya serikali inaanza kukatwa tarehe 15, kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala wa kutuma na kutoa kutegemea kiasi. Kwa mtu wa nje hiyo ni kazi ya kubadili hesabu kwenye mfumo. Sasa kaa kwenye kiti chetu. Tozo na ada yetu zionekane kwa pamoja au mbalimbali? Zikionekana pamoja mteja anaamini sisi ndo tumepandisha bei, simu zote zinakuja kwenu kastoma kea. Zikionekana mbalimbali zionekane kabla hajaweka namba ya siri au kwenye meseji ya mwisho? Kama ni kabla, menyu ya USSD (ile ya kubonyeza nyota na namba) ina herufi 182 tu kwa skrini moja, na Kiswahili chetu kina maneno marefu, sasa nini kitoke kipishe mstari wa tozo? Muamala uliorudishwa tozo inarudi au hairudi, muulize mwanasheria, akijibu mpelekee mtu wa fedha, akikubali mpelekee Fundi, Fundi akisema siku hazitoshi rudi uamue kipi kikatwe. Afu andaa majibu ya kastoma kea kabla ya siku yenyewe. Umemaliza, Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30 unaanza tena. Katika hao wote hakuna hata mmoja aliye chini yangu, siwezi kumwamrisha mtu, nilichonacho ni kuwafanya waone kitu kilekile ninachokiona mimi.

Ndo maana nikiulizwa ujuzi namba moja nasema kuandika. Kurasa mbili zinazoeleweka na developa, mwanasheria na bosi bila wewe kuwepo chumbani. Halafu kusikiliza, halafu hesabu za kawaida kabisa, asilimia ngapi ya watu wanaoanza hii menyu wanafika mwisho na wanaishia hatua ipi. Na kwenye fani yetu sheria huikwepi, Sheria ya Mifumo ya Malipo ya 2015 na ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 zisome mwenyewe, usisubiri kusimuliwa.

NgoshaData

Mi niseme ukweli wakuu, mnamjaza matumaini dada wa watu. Ofisi nyingi hapa mjini hicho cheo ni jina tu, mkurugenzi ndo anaamua kila kitu na prodakti meneja anaandika minitsi na kukumbusha watu tarehe. Nimemuona mtu ana digrii mbili anakaa vikao kuanzia asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, hajawahi kuamua hata rangi ya kitufe. Ushauri wangu asome data kwanza, Excel vizuri na SQL (lugha ya kuvuta data kwenye mfumo), hizo hata kazi ya prodakti ikigoma zitamlisha.

MzeeWaMenyu

Ngosha hujakosea, ofisi za hivo zipo na ni nyingi, na ushauri wa SQL nauunga mkono kabisa, mtu anayeweza kuvuta data mwenyewe hasubiri wiki nzima kuletewa ripoti. Ila hiyo ni sababu ya kuchunguza, sio ya kuogopa. Binti ukiitwa kwenye usaili ukapewa nafasi ya kuuliza, waulize kitu cha mwisho walichokataa kutengeneza ni kipi, nani alikataa na kwa sababu gani. Wakikujibu kwa mfano unaoshikika hapo kuna kazi. Wakiangaliana, ujue utaenda kuandika minitsi.

KijanaWaThika

Sasa watu wa TZ, niruhusuni niingilie kidogo juu mmetaja Thika. Mimi nafanya hii job hapa Nairobi na nilitoka kastoma kea kama huyu dada, kwa hivyo msimkatishe tamaa.

Nimpe story ya Hakikisha. Kitambo kwa M-Pesa ulikuwa unaweka namba, kiasi, PIN, pesa imeenda, jina la mtu unaliona kwa SMS ikiwa imeshafika kwake. Umekosea digiti moja, pesa iko kwa mtu haumjui, na kama ameshaitoa hapo ni kuomba Mungu. Hizo simu za "nimetuma pesa namba mbaya" zinapigwa kwa nani? Kwa kastoma kea, kila siku, yaani mtu wa hedifoni anajua hiyo shida kuliko mtu yeyote ako na ofisi juu. Safaricom wakaleta Hakikisha, jina linatokea kwanza na uko na sekunde chache za kusimamisha kama si yeye. Ukiangalia unaona ni kitu rahisi sana. Lakini fikiria kama wewe ndio ungeamua. Unaongeza hatua kwa kila mtu anatuma, hata yule ako kwa matatu na konda anamngoja, ndio uokoe wale wachache wanakosea. Halafu mtu yeyote akiwa na namba yangu anaweza kujua jina langu bila kutuma kitu, si hiyo ni data ya mtu? Hakuna jibu lenye halina hasara, unachagua hasara gani utabeba na unaambia watu kwa nini.

Ingine ni mawakala. Dada enda ukae kwa wakala siku mbili tatu, si kumuuliza maswali, kaa tu uangalie. Utaona wateja wenye hawasomi menyu kabisa, wamekariri, moja, tatu, moja. Siku ukibadilisha mpangilio wa menyu ndio ipendeze, hao wote watapotea na wengine watatuma pesa mahali hawakutaka. Utaona wazee wanampatia wakala simu awafanyie yeye mwenyewe hadi namba ya siri. Hizo vitu haziko kwa ripoti yoyote, kwa ripoti zinaonekana ni muamala uliofanikiwa.

BintiTemeke

Jamani asanteni sana, nimeelewa kuliko nilivyotegemea. Kaka wa Thika umenigusa hapo kwenye namba iliyokosewa maana ndo simu ninazopokea zaidi, na kuna nyingine ya watu wa vikundi vya vikoba, mweka hazina anakusanya michango kwenye laini yake binafsi, akifikisha kiwango cha juu cha siku laini inagoma na kikundi kizima kinadhani kala hela. Nimewahi kuongea na mama mmoja analia kabisa, wanachama wako sebuleni kwake wanamsubiri.

Sasa swali langu la mwisho, fomu inataka nieleze uzoefu wangu wa prodakti na sina hata mwaka mmoja. Niandike nini wakuu?

Fundi_Kodi

Andika huyo huyo mama dada. Sio kwa kumhurumia, muandike kama kazi. Chukua karatasi moja, elezea tatizo la mweka hazina kwa sentensi chache: ni nani, anafanya nini sasa hivi, inakwama wapi na inakwama siku gani za mwezi. Kisha omba kihalali kwa msimamizi wako takwimu za simu za aina hiyo, bila majina wala namba za wateja, uonyeshe ukubwa wake. Kisha toa njia mbili au tatu, mfano akaunti ya kikundi inayoonwa na wanachama wote, au hata meseji tu inayoeleza kwamba laini imefika kiwango cha siku na hela ziko salama, na useme wewe ungeanza na ipi na kwanini. Mimi ningeanza na meseji, naweza kuiweka ndani ya siku chache, wakati akaunti ya kikundi ni miezi na lazima Benki Kuu ihusishwe. Ila chagua mwenyewe na ujiandae kuulizwa.

MzeeWaMenyu

Na uandike pia utajuaje kama imefanya kazi. Simu za wanavikoba zikipungua mwezi unaofuata ni dalili, ila angalia pia kama wamepungua kwa sababu wamehamia mtandao mwingine, hiyo watu wengi wanaisahau na kwenye usaili nikiwa naulizia mimi lazima niifikie.

KijanaWaThika

Ukimaliza kuandika, kabla utume fomu, soma hiyo karatasi kwa huyo mama ama mweka hazina mwingine yeyote kwa simu, umuulize kama umeelewa shida yake. Kuna kitu atakurekebisha.

BintiTemeke

Mwisho wa kupokea fomu ni Jumatano. Kwa jirani yetu kuna mweka hazina wa kikoba cha akina mama, naenda kwake leo jioni na daftari, nikirudi naiweka hapa mniangalizie.